Usingizi wa Mchana, Ghorofa ya Tano

Kipimo kilisema hewa ni safi. Mkaguzi Tseng Yueh-chiao alikitikisa, akakiinua hadi chini ya tundu la hewa kwenye dari, akasubiri, akakitazama tena. Safi. Akakiweka juu ya zulia, akakipandisha mezani, akakipitisha nyuma ya mashine ya kutolea nakala. Jibu lilikuwa lile lile, na kila jibu lilimzidishia wasiwasi, maana watu wazima chumba kizima hawaumwi kichwa kwa mzaha.

"Si nilikuambia?" Meneja Weng alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni, uso umemng'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mwenzako alikuja mwezi uliopita, akapima kama wewe, akakuta kama unavyokuta. Hawa wanawake wanaambukizana hofu, Mkaguzi. Mmoja akipiga mwayo, wote midomo wazi."

"Na huyo anayeanguka?"

"Pei-chun? Ana mimba ya miezi saba! Mke wangu alipokuwa na mimba alizirai sokoni. Tukamshtaki muuza samaki?" Akacheka peke yake. "Mimi nashinda humu humu, navuta hewa hii hii, hata mafua siumwi. Siri ni chakula cha nyumbani. Mke wangu ananifungia kila asubuhi. Vya hotelini sigusi, mafuta matupu. Hawa wenzangu wanakesha kwenye simu zao, asubuhi wanakuja kulaumu dari."

Nje upepo wa kaskazini ulikuwa umeshashika mji wa Hsinchu, ule upepo ambao mgeni hudhani ni kimbunga na mwenyeji husema tu kwamba baridi imeingia. Madirisha ya ofisi yalikuwa yamefungwa yote, yakitetemeka kwenye fremu zake. Chini ya taa nyeupe, wapokea simu za bima walikuwa wameinama na hedifoni zao, wakiwatuliza watu waliogongewa magari, na mmoja mmoja wakimwibia mkaguzi jicho.

Mkuu wake alikuwa amemwambia waziwazi: lalamiko hili lifungwe leo. Mkaguzi wa pili naye asipoona kitu, basi, hakuna kitu. Lakini Yueh-chiao alijua lalamiko likifungwa litamfungia nani mlango. Tai Pei-chun ameshazirai mara mbili. Hospitali ilisema ni mimba. Meneja Weng alimpa onyo kwa maneno matamu: akianguka tena, itakuwa amethibitisha mwenyewe kwamba kazi imemshinda. Na leo Pei-chun alikuwa amerudi, ameketi pale pale alipoangukia, chini ya tundu kubwa la hewa, shali imemzunguka tumbo.

Akamwita kwanza yeye, kwenye chumba kidogo cha mikutano kilichokuwa upande wa pili wa ukumbi, chenye dirisha lake.

"Dada Mkaguzi, mimi sina wazimu," Pei-chun alisema hata kabla ya kukaa.

"Nani kasema unao?"

"Hakuna aliyesema. Meneja anatabasamu tu."

"Kichwa kinaanza saa ngapi?"

"Nikiamka usingizi wa mchana. Tunazima taa, tunalala mezani kama watu wote. Nikiamka kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, miguu haipo. Zamani nilikuwa naamka mpya."

"Jumapili, nyumbani?"

"Jumapili nalala kama gogo na naamka mzima."

"Tangu lini?"

Pei-chun alifikiri. "Tangu upepo uanze."

Yueh-chiao aliandika, kisha akauliza lile alilokuwa akiogopa kuuliza. "Mtoto anacheza?"

"Asubuhi ananipiga mateke mpaka nacheka peke yangu kwenye simu." Pei-chun akashika shali yake. "Mchana hapa anatulia kabisa. Mimi nilifurahi. Nikadhani na yeye kajifunza kulala na wenzake."

Mkaguzi alilipigia jibu hilo mstari. Alimwambia arudi kazini taratibu, akijisikia vibaya atoke nje bila kuomba ruhusa ya mtu. Pei-chun alitabasamu, tabasamu la mtu anayejua kwamba kutoka bila ruhusa ndiko kutoka moja kwa moja.

Aliyefuata alikuwa Kuan, mkuu wa zamu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha foleni. Wote humo walimwita Dada Kuan, hata waliomzidi umri.

"Zulia hili jipya?" Yueh-chiao alimuuliza.

"Liliwekwa kiangazi. Lilinuka gundi wiki nzima, tukapiga chafya, likaisha. Usihangaike na zulia."

"Basi wewe ungehangaika na nini?"

"Na feni." Dada Kuan alisogeza kiti mbele. "Muulize Meneja habari za feni ya hewa. Zamani alikuwa anaizima mchana abane umeme, tunalala kama dagaa kwenye kopo. Huyo kwa kubana umeme! Angeweza angetuwekea mita puani."

Hapo Yueh-chiao akadhani amelipata. Feni ya kuleta hewa ya nje inazimwa mchana, watu wamefungiwa, pumzi zinaelea, vichwa vinauma. Kesi za namna hiyo alikuwa ameziona nyingi. Akainuka, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya Weng, pembeni ya ukumbi, ambako dirisha lilikuwa wazi kidogo na karatasi zimekandamizwa kwa jiwe.

"Kuzima nilikuwa nazima, sikatai," Weng alisema, akinyoosha mikono kama asiye na hatia. "Lakini walipoanza kulia vichwa, nikaagiza kinyume chake. Kuanzia saa tano mpaka waamke, feni iko kwenye nguvu ya mwisho. Muulize Fundi Peng, yeye ndiye anayeiendesha. Na walivyo hawana shukrani, wakazidi kuumwa!"

Yueh-chiao alisimama pale, kalamu hewani. Alitazama kama huyo mtu anadanganya, akaona kwamba kwa hili alikuwa mkweli, tena mwenye uchungu wa mtu aliyefanya wema usiolipwa. Feni imeongezwa nguvu, na ugonjwa ukaongezeka. Basi hawakuwa wakikosa hewa. Walikuwa wakiletewa. Feni haitengenezi hewa, inaisafirisha tu, na swali lilikuwa inaichota wapi.

"Nataka kuona chumba cha mitambo," alisema.

Weng akatazama saa ya ukutani. "Saa sita hii. Fundi anakula. Mkaguzi, we mwenyewe unajua, mchana hapa hata mende hafanyi kazi. Twende nikupeleke ukale tambi za mchele na supu ya madonge ya nyama, kuna mahali pazuri karibu na hekalu. Mwenzako nilimpeleka hapo hapo. Akala, akajilaza garini, saa nane tukarudi akapima tena. Safi!"

"Saa nane walikuwa wameshaamka?"

"Wameamka, wamefungua madirisha wajichangamshe, wako kazini. Twende."

Tumbo la Yueh-chiao lilikuwa linanguruma kweli kwa njaa. Akafunga mkoba, kipimo ndani, wakaelekea lifti, na njiani maneno ya Weng yakawa yanamkwaruza kichwani. Alipima asubuhi. Akala. Akalala. Akapima mchana watu wakiwa wameshafungua madirisha. Na yeye mwenyewe hapa anafuata nyayo zile zile kama bata. Nchi nzima inalala baada ya chakula cha mchana, mkaguzi na mkaguliwa, na sumu yoyote yenye akili ingechagua saa hiyo hiyo.

Lifti ilikuwa bado ghorofa ya chini Dada Kuan alipotokea kwenye ushoroba akisukuma kitoroli. Kilikuwa kimejaa vyombo vya chakula vya chuma, vile vya duara vya kufunga kwa klipu, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vifuniko vikitoa jasho. Harufu ya wali, nyama ya nguruwe na majani ya haradali yaliyochachushwa ikampita Yueh-chiao puani, harufu ya jikoni kwa mama yake huko Beipu.

"Loh! Vinanukia," alisema. "Mnapashia wapi?"

"Maikrowevu," Dada Kuan alijibu haraka, bila kusimama.

"Lifti hiyo imefika," Weng alisema, akabonyeza kitufe kilichokuwa tayari kimebonyezwa.

Yueh-chiao alinyoosha kidole akagusa kifuniko cha juu. Kilikuwa cha moto na kimelowa. "Chuma hiki? Kwenye maikrowevu? Dada Kuan, ungekuwa umeshawasha fataki."

Dada Kuan alisukuma kitoroli kikalia magurudumu, akaingia ukumbini.

Mkaguzi akaiacha lifti ifunguke na ijifunge. Akaenda kwenye chumba cha chai. Maikrowevu ilikuwepo, waya wake umechomolewa, juu yake pamepangwa vikombe na kijichungu chenye mmea wa mpungate. Kando yake, kwenye kaunta, palikuwa na alama ya mraba iliyong'aa kuliko sehemu nyingine, mahali ambapo kitu kizito kilikaa miaka mingi kisha kikaondolewa.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

Wanawake watatu walikuwa wakijimiminia maji ya moto. Mmoja akatazama kikombe chake, mwingine akatazama viatu, wa tatu akasema hajui, yeye mgeni, na kitambulisho chake kilichofifia kikamsuta. Haukuwa ukimya wa kumwogopa bosi. Yueh-chiao aliujua huo. Huu ulikuwa ukimya wa watoto wa darasa moja wanaomficha mwenzao. Na watu wenye njaa hawadanganyi kuhusu wali bila sababu.

Akarudi ushorobani, akainama. Vifuniko vile vilikuwa vikitiririka. Juu ya zulia la kijivu palikuwa na matone meusi, mabichi, yakifuata njia ya kitoroli. Akayafuata kinyumenyume, akapita lifti, akapita vyoo, hadi kwenye mlango wa chuma mwishoni. Mlangoni paliandikwa: Mitambo. Marufuku kuingia.

"Mkaguzi!" Weng aliita kutoka kwenye lifti. "Huko kuna kelele na vumbi tu, utachafua koti!"

Aligonga. Mlango ukafunguliwa na mzee mwembamba mwenye taulo shingoni, uso mwekundu kwa joto. Yueh-chiao alisikia lafudhi yake katika neno la kwanza tu, akamwamkia kwa Kihakka, lugha ya kwao. Mzee akafurahi kama aliyekutana na ndugu uwanja wa ndege.

"Kumbe binti yetu! Wa wapi? Beipu? Mimi Peng, wa Guanxi. Umekula? Usiniambie unafanya kazi hujala!"

"Bado, mjomba. Naomba kuingia kidogo."

Peng alisita. Akatazama nyuma yake, akamtazama Weng kule mbali, akajisogeza kando, maana hakuwa mtu wa kumfungia mtu mlango usoni.

Ndani feni kubwa ilikuwa inanguruma hata sakafu inatetemeka. Juu ya sanduku lake palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, haijafunguliwa. Hilo halikumshangaza. Katika mji huu, kuanzia viwandani hadi hospitalini, hakuna fundi anayeacha mashine bila pakiti yake ya kuibembeleza isigome: ya kijani, maana kijani ni taa ya kwenda, isiguswe na mwenye njaa, na isipitwe na tarehe, maana mashine ikigundua imelishwa kitu kilichoharibika itagoma siku mbaya kuliko zote. Wahandisi wenye shahada wanalicheka hilo, na kila mmoja anayo yake droo ya chini.

Akageuka. Kwenye kona ilisimama boila kuukuu ya kuchemshia maji, mabomba yamekatwa, kutu imelikula tumbo lake.

"Na hii?"

"Ilikufa zamani, hiyo," Peng alisema. "Kuitoa inahitaji winchi."

Juu ya boila palikuwa na pakiti nyingine ya kijani.

Yueh-chiao aliisogelea. Ilikuwa mpya, inang'aa, na tarehe yake ilikuwa ya mwakani. Akamgeukia mzee taratibu. "Mjomba Peng. Marehemu anakula vitafunio?"

Peng alilivuta taulo, akajifuta jasho.

"Mashine iliyokufa hailishwi," mkaguzi alisema. "Huku nyuma kuna nini kilicho hai?"

Nyuma ya boila palining'inia turubai la buluu. Alilivuta. Kabati la mvuke, refu hadi kifuani, la kupashia vyakula, milango yake inatiririka maji. Chini yake jiko la gesi lilikuwa linawaka, moto una ncha za manjano, na mtungi umefungwa ukutani kwa mnyororo, kazi safi ya fundi mwangalifu. Hatua moja tu kutoka hapo ulikuwa mdomo wa feni. Na ukutani, yale matundu ambayo feni ingevutia hewa ya nje yalikuwa yamezibwa kwa ubao, ubao umebanwa kwa matambara.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi. Upepo ulipoanza ulikuwa unazima moto kila mara. Nikaogopa, moto ukizimika gesi itamwagika, tutalipuka." Alisema kwa kujitetea kidogo, na kwa fahari kidogo pia. "Tangu niweke ubao haujazimika hata siku moja."

Yueh-chiao alifungua mkoba. Akakiwasha kipimo. Kioo kikawa cheupe, kikahesabu, kikasita. Kisha kikaanza kulia. Kilipiga kelele nyembamba iliyokata ngurumo ya feni, na taa yake nyekundu ikamulika uso wa mzee.

"Kina nini hicho?" Peng aliuliza. "Mbona sisikii harufu ya gesi?"

"Si gesi, ni moshi wake. Hauna harufu. Ndio ule wa hita za maji za gesi unaoua watu bafuni kila baridi ikija! Zima moto, mjomba! Zima!"

Peng aliruka kwenye jiko, akazungusha koki. Yueh-chiao aling'oa ubao kwa mikono miwili, ukucha ukamkatika, upepo ukaingia kama maji. Feni akaiacha ingurume, sasa ilete hewa ya Mungu. Kisha akakimbia.

Ukumbini taa zilikuwa zimeshazimwa. Watu walikuwa wamelala juu ya meza zao, vichwa kwenye mito midogo yenye picha za paka na dubu, makoti mgongoni, vyombo vya chuma vimerundikwa kando, vingi havijaguswa. Kulikuwa kimya na joto, na kipimo mkononi mwake kililia humo kama mtoto mchanga. Vichwa vichache viliinuka. Vingi havikuinuka.

"Amkeni! Fungueni madirisha! Tokeni nje, ngazini, sasa hivi! Amkeni jamani!"

Alipiga meza kwa kiganja, akavuta watu makoti. Dada Kuan alisimama akayumba, akaelewa kabla ya wote, akaanza kuvuta madirisha moja baada ya jingine na kuwatukana waliolala mmoja mmoja kwa jina lake mpaka wakaamka. Upepo ukaingia na kufagia karatasi zote hadi darini. Watu walitoka wakishikana mabega, wengine wakitapika kwenye mapipa ya taka.

Pei-chun hakuamka.

Alikuwa chini ya tundu kubwa, shavu juu ya mkono, chombo chake mbele yake hakijafunguliwa. Mashavu yake yalikuwa na wekundu mzuri, wekundu wa bibi harusi, na Yueh-chiao alijua ndiyo rangi inayoachwa na moshi ule. Akamtikisa. Kichwa kikaenda na kurudi. Akapitisha mikono kwapani ajaribu kumwinua, akashindwa, akalia kwa hasira, na hapo mtu akamsukuma kando. Ni Peng. Yule mzee mwembamba alimbeba Pei-chun mikononi na tumbo lake lote, akatoka naye mbio hadi kwenye ngazi za dharura za nje, akamlaza kwenye upepo, akavua koti lake akamfunika.

"Pei-chun," aliita. "Pei-chun, mwanangu. Ni Mjomba Peng. Amka ule, yai linapoa."

Gari la wagonjwa lilifika. Yueh-chiao aliwashika wahudumu mikono kabla hawajauliza. "Ni sumu ya moshi wa gesi. Ana mimba ya miezi saba. Oksijeni tangu hapa, na mpelekeni hospitali yenye chumba cha oksijeni ya shinikizo. Wakiwaambia ni mimba, waambieni mkaguzi amepima. Wapime damu yake!"

Dada Kuan alipanda naye. Kabla mlango haujafungwa aliinama, machozi yakimtiririka.

"Tulikuwa tunajua gesi hairuhusiwi humu," alisema. "Kabati letu la umeme la kupashia Meneja aliliondoa, eti linakula umeme. Tukala wali wa baridi. Mjomba Peng akatuonea huruma. Wewe ulipokuja tukakubaliana, hakuna kusema, mzee asifukuzwe. Tulidhani tunamkinga yeye! Hatukujua tunajichimbia kaburi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yueh-chiao hakuwa na moyo wa kumwambia hivyo. Akaupiga mlango wa gari kwa kiganja, gari likaondoka.

Alipopanda tena ghorofa ya tano, Meneja Weng alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, nywele zimesimama kwa upepo, na watu wake wamejaa ushorobani nyuma yake. Alikuwa ameshapata sauti yake.

"Fundi, umetumaliza! Gesi, ndani ya jengo la ofisi! Mkaguzi, andika: mfanyakazi ameingiza jiko kwa siri, bila idhini, uongozi haukujua. Nashtuka kama wewe. Mimi huku siingii, sijawahi kuona hiki kitu maishani mwangu!"

Peng alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, taulo mkononi. "Aandike," alisema polepole. "Ni kweli. Ni mimi." Akamtazama Yueh-chiao. "Binti, huo moshi, kila siku ulikuwa unaenda kwao?"

"Tangu uzibe matundu. Ndio, mjomba."

"Nami nilikuwa nauacha moto muda mrefu kwa ajili yake. Hapendi yai gumu. Lazima livukizwe taratibu." Akaufunika uso kwa taulo, mabega yakaanza kutikisika. "Wanangu wenyewe sikuwapikia hata siku moja. Hawa ndio niliwapikia."

Weng alikohoa. "Umesikia mwenyewe. Amekiri. Tunaweza kumaliza hili leo hii, Mkaguzi, mkuu wako alisema anataka lifungwe."

Simu ya Yueh-chiao ikalia. Ushoroba wote ukageuka kumtazama. Alisikiliza, mkono umeziba sikio la pili, mpaka msichana mmoja nyuma akaanza kulia bila kujua analilia nini.

"Amefumbua macho," alisema hatimaye. "Wamemweka kwenye oksijeni. Mtoto moyo wake unapiga. Daktari hawezi kuahidi zaidi ya hapo, lakini unapiga."

Watu wakakumbatiana. Peng hakuinuka kwenye ndoo, ila alikuwa ameondoa taulo, akimtazama mkaguzi kama anayeomba ayarudie maneno hayo. Akayarudia, kwa Kihakka.

Kisha akamgeukia Weng. Kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa kinamkereketa tangu kwenye lifti, na sasa alijua ni nini. Mtu asiyegusa vya hotelini alikuwa na haraka mno ya kumpeleka hotelini.

"Mchana huwa unalala wapi, Meneja?"

"Garini. Kwa nini?"

"Baada ya kula ofisini, dirisha wazi. Ndiyo maana hata mafua huumwi." Akaangaza watu ushorobani. "Nyie wote mmeshachukua vyakula vyenu?"

Wakaitikia kwamba wamechukua. Hata cha Pei-chun kilikuwa mezani kwake.

Yueh-chiao alienda hadi kwenye kabati, akafungua milango. Mvuke wa mwisho ukampiga usoni. Rafu zilikuwa tupu, isipokuwa ya chini kabisa, karibu na moto, mahali pazuri kuliko pote. Palikuwa na chombo kimoja cha ghorofa mbili, kimefungwa kitambaa cha maua ubavuni, na juu ya kifuniko mke wa mtu alikuwa amechora jina la mumewe kwa msumari, kwa mkono wa subira, kisipotee.

Alikitoa akisukumwa na hasira, vidole vikamwungua, akakibeba hivyo hivyo hadi mlangoni. Akamnyooshea. Watu wote wakalisoma jina.

"Meneja Weng," alisema. "Chakula chako."

Weng aliangalia chombo. Mikono yake ilibaki mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakutabasamu.

Ni Peng aliyeinuka. Alikuja akijikokota, akalikunja taulo lake mara mbili kama alivyozoea kila mchana, akamtoa Weng mkono mfukoni, akamwekea humo.

"Shika na hili, Meneja," alisema. "Chombo bado ni cha moto."